Kijana Aliyeshindwa Kushuka Treni ya Ruiru

Kabla uniite mwongo, wacha nikusaidie: kila mtu hapa Dallas, huu mtaa wetu wa Embu mjini, ananijua kwa uongo. Nimewahi kuambia wateja wa chipsi kwamba viazi vyangu vinakuja na ndege kutoka ng'ambo, na vinatoka Kibirichia, hapo Meru, kwa gunia, hata mchanga wa huko bado uko navyo. Nimedanganya askari wa kaunsili, nimedanganya pasta, na mke wangu nilimwambia nimemaliza shule ndio akakubali kuja kwangu. Lakini hii moja sijaitia chumvi, na wewe unajua chumvi ndio kazi yangu. Hii ilinitokea. Ni macho haya, si ya kuazima.

Na usiniulize mtu wa Embu na treni ni wapi na wapi. Ni kweli, Embu nzima hakuna reli, hata ya kuchorwa ukutani. Mimi mara ya kwanza kuona treni nilikuwa nishaota ndevu, na nilitoa kofia nikidhani ni mambo ya serikali inapita.

Wakati huo simu za mkono zilikuwa za wakubwa. Mimi nilikuwa nimeacha shule Fomu Tu, kidato cha pili. Sawa, shule ndio iliniacha, lakini tuseme tuliachana kwa amani. Nikaenda Nairobi, na kazi yangu ya kwanza kwa jiji kubwa hivyo ilikuwa kumenya viazi. Kumenya tu! Kukaanga kulikuwa kwa watu wamepandishwa cheo. Hoteli ilikuwa karibu na soko la Muthurwa, mimi nakaa huko nyuma na kisu na ndoo. Nyumba nilipata Ruiru, kwa hivyo asubuhi na jioni ilikuwa ni treni.

Kama hujawahi kupanda hiyo treni ya jioni, hujaona dunia. Behewa moja ni ya wahubiri, hapo utaokoka kabla ya stesheni ya Makadara utake usitake. Ingine ni ya karata, watu wameweka kartoni juu ya magoti na wanapigiana kelele kama wanauza ng'ombe. Ingine ni ya akina mama wa soko na magunia yao. Na kila mtu ana mahali pake. Hakuna sheria imeandikwa, lakini ukikalia kiti cha mtu wa kila siku utaangaliwa mpaka utoke mwenyewe.

Sasa siku hiyo mvua ilinyesha, nikachelewa, nikakimbia na kurukia behewa ya mwisho, ambayo si yangu. Kulikuwa kumejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni. Taa ilikuwa inawaka ikipenda. Lakini katikati pale, niamini, kulikuwa na kiti cha watu wawili na kimekaliwa na mtu mmoja tu, kijana ameegemea dirisha. Watu wamesimama hapo kando wamebanana kama mahindi kwa gunzi, na hakuna anayekaa. Nikafikiria labda mtu ametapika. Nikaangalia, pasafi. Nikajikalisha. Nani alinituma?

Tulipofika Makadara mtu akanikanyaga kidole kile kina ukucha mbaya. Nikatoa tusi kwa Kiembu. Tusi dogo, hata kanisani lingepita. Yule kijana akageuka haraka.

"Wewe ni wa nyumbani?" akaniuliza, kwa Kiembu, kile cha upande wa Runyenjes.

"Kwani nimeandikwa kwa uso?"

"Umetukana kama marehemu baba yangu."

Tukacheka. Yaani mimi nilicheka, yeye alitabasamu. Alikuwa rika langu hivi. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, ya kufumwa na mkono, na mkono mmoja wa hiyo sweta ulikuwa mrefu kuliko mwingine mpaka umemeza vidole. Mimi nikiona kitu kama hiyo siwezi kunyamaza.

"Aliyekufumia hii alikuwa anapimia nani, nyani?"

"Ni mama," akasema. "Alikuwa anafuma jioni na koroboi. Mkono wa pili mafuta iliisha."

Akaniuliza kama huko nyumbani mvua imeshika. Akauliza kama kahawa imeanza kuwa nyekundu. Nikamjibu, na kila nikijibu anakaa kama mtu anakula. Halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa tena na mtu.

"Hebu niambie. Nyinyi huwa mnashukaje?"

"Kwa miguu," nikamwambia. "Unatanguliza mmoja, ule mwingine unafuata wenyewe."

Hakucheka. Akaangalia viatu vyake.

"Nimejaribu hiyo. Ikifika mwisho watu wote wanashuka. Mimi nikiinua mguu, inarudi na mimi."

Nikajua nimekalia karibu na mlevi, tena mlevi wa kwetu, nikaona hata haya kidogo. Hapo ndipo mama mmoja wa soko, mama mwenye mwili wa kutosha, akanigonga bega na gunia la sukuma wiki.

"Kijana, songa huko dirishani. Mbona unabania kiti na hakuna mtu?"

"Mama, na huyu?"

"Huyu nani?"

"Huyu wa sweta."

Akaniangalia vile watu huangalia mgonjwa. Kisha akanipita magoti, akajikalisha dirishani. Pale pale. Juu yake! Nikafunga macho nikingoja kelele. Hakuna kelele. Nikafungua, mama anachambua njugu, ametulia, na yule kijana sasa amesimama mbele yangu ameshikilia chuma cha juu.

"Usiogope," akaniambia polepole. "Huwa wananikalia. Siumii."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usiniambie ungekemea. Mimi nilitaka kukemea na nikakuta hata jina la Yesu limenitoka kichwani. Nilishika ile ndoo yangu ya maganda, nilikuwa naibebea nguruwe wa landlodi, nikaikumbatia kama mtoto.

Akaniambia yeye ni Njeru, mtoto wa kwanza kwao, kule chini ya kiwanda cha kahawa. Alikuja Nairobi kutafuta kazi. Jioni moja ya mvua kama hiyo alikuwa ananing'inia mlangoni, mkono ukateleza. Mfukoni hakuwa na kipande, ile kitambulisho, kwa hivyo hakuna mtu alijua ni wa nani. Alizikwa na wale hawana wenyewe.

"Ukienda nyumbani pitia kwetu," akasema. "Mwambie mama akubali mgomba. Nimechoka na hii treni."

Kama wewe si wa kwetu nikueleze. Mtu akipotea miaka na mwili haupatikani, wazee huko kwetu husema kuzikwe mgomba. Shina la ndizi linakatwa urefu wa mtu, linavishwa shuka, linalazwa usiku mmoja kwa nyumba kama maiti, linaombewa na kushushwa kaburini. Watu wanalia, wanakula, wanaenda makwao. Na yule aliyepotea, popote alipo, anajua sasa ana mahali. Lakini mzazi akikataa, hakuna anayeweza kuuzika kwa nguvu. Na mama yake Njeru alikuwa amekataa.

Ruiru mimi sikushuka, nilimwagika. Watu walinikanyaga na maganda yangu. Nilipoangalia nyuma treni ilikuwa inarudi Nairobi, na mkono mmoja mrefu wa sweta ulikuwa umewekwa kwa dirisha.

Wiki hiyo haikuisha. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwao Njeru. Mimi kwetu ni huku karibu na mji, watu wa upande wa Runyenjes sikuwajua hata mmoja, lakini niliuliza kwa kiwanda nikaonyeshwa njia. Nilimkuta mama anapepeta maharagwe kwa uteo, na mzee mmoja ameketi kwa stuli, ndugu ya mumewe, anaitwa Nyaga. Watu wote wakipita barabarani walikuwa wanamsalimia, "Habari yako, Mama Njeru?" Fikiria hiyo. Kila siku watu wanakuita kwa jina la mtoto hujui aliko.

Nilikuwa nimepanga vile nitaanza. Hata mzaha nilikuwa nimeandaa wa kulainisha. Nikauacha.

"Mama, ninatoka Nairobi. Nimetumwa na Njeru."

Wee! Uteo ukaanguka. Kabla sijaongeza neno, yule mama alipiga kigelegele, kile cha mtoto amezaliwa. Akapiga tena. Majirani wakaitikia kutoka ng'ambo ya mto, wakidhani kuna jambo jema. Na mimi nimesimama hapo na mdomo wazi. Nimesema uongo mwingi maishani, lakini hakuna siku nilitamani uongo kama siku hiyo.

Mzee Nyaga ndiye alinisoma uso. "Mama Njeru, nyamaza kwanza. Mwache kijana amalize."

Nikamaliza. Sikuficha kitu, treni, kiti, yule mama wa sukuma, mlango, mvua. Mzee akanikazia macho. "Alivaa nini?"

"Sweta ya kijani. Mkono mmoja mrefu."

 Kuku wakaja wakaanza kula maharagwe chini, na hakuna aliyewafukuza.

"Umesikia kwa masikio yako," mzee akamwambia shemeji yake. "Miaka yote hii unaweka sahani jioni, unaifunika na ingine, asubuhi unapea mbwa. Wacha tuzike mgomba, apumzike. Na wewe upumzike."

"Siziki mtoto anayeonekana," mama akasema.

"Haonekani! Ni huyu tu amemwona."

"Basi macho ya huyu yameshinda yangu? Mimi nilimzaa." Akanigeukia. "Amekonda?"

Nikasema si sana.

"Hiyo treni inapandwa saa ngapi?"

Mzee alimbembeleza, akakasirika, akaondoka. Jioni hiyo niliona ile sahani na macho yangu. Githeri na kipande cha ndizi, imefunikwa vizuri, imewekwa mahali moto utaifikia kidogo. Asubuhi tulisafiri, mimi na yeye.

Alikuwa hajawahi kupanda treni. Alikuwa na kiondo, na ndani kulikuwa na ndizi za kuchemsha, chupa ya uji, na uzi wa kijani na sindano zake. Uzi huo aliuweka tangu afume ile sweta. Alitaka kurekebisha ule mkono.

Jioni, pale Nairobi, tukaingia behewa ya mwisho. Watu walikuwa wamejaa kama kawaida, kiti kiko na nafasi kama kawaida. Na Njeru alikuwa pale. Alipomwona mama yake alisimama wima, kama mtoto wa shule mwalimu akiingia.

"Yuko?" mama akaniuliza.

"Yuko."

"Upande gani?"

Nikamwonyesha. Akakaa dirishani, na Njeru akateremka chini, akaketi sakafuni katikati ya miguu ya watu, kichwa karibu na magoti ya mama. Mama akaangalia kila mahali. Aliangalia dirisha, akaangalia chuma cha juu, akaangalia nyuso za watu. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha mtoto wake, yakaenda, yakarudi, yakapita tena. Mimi sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho. Ningekuwa na uwezo ningeyashika yale macho niyateremshe kidogo tu.

Alitoa ndizi, akaimenya, akanyosha mkono mbele yake. "Mpe."

"Mama, siwezi kumpa."

"Basi aichukue mwenyewe. Njeru, kula." Ndizi ikakaa hapo kwa mkono. Kijana mmoja wa karata alianza kucheka, halafu aliona uso wa mama akaacha. Makadara ikapita, Dandora ikapita. Mkono hakuushusha.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama. Anaangalia mkono wako."

Githurai watu wengi wakashuka. Hapo ndipo alishusha ile ndizi, akaifunga kwa kitambaa, akairudisha kwa kiondo.  Halafu akaniuliza na sauti ndogo, sauti ya mtu anauliza daktari.

"Usinidanganye, baba. Amechoka?"

Niliangalia chini. Njeru alikuwa amelaza kichwa juu ya ule mkono mrefu wa sweta, macho wazi.

"Amechoka sana, mama."

Hakulia. Alifunga kiondo kamba, akakaa anangoja. Treni iliposimama Ruiru watu wakamwagika, yeye akabaki mpaka behewa ikatulia. Kisha akasimama, akanyosha mkono wa kushoto upande, chini kidogo, vile unanyoshea mtoto mdogo mkono mkivuka barabara.

"Njeru," akasema, "inuka twende. Tumefika."

Na akainuka! Niliona. Aliweka mkono wake, na ule mrefu wa sweta ukafunika mkono wa mama wote. Wakafika mlangoni. Mama akatanguliza mguu. Njeru akasimama, akaniangalia mimi, kama anauliza kama ni hivyo. Nikamwambia, "Mmoja kwanza, ule mwingine unafuata wenyewe." Akashuka.

Sasa wacha nikuambie kitu ambacho sijamwambia Mama Njeru mpaka leo. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka, nimebeba kiondo, na nikageuka kuangalia kama tumesahau chochote. Watu wote walikuwa wameshashuka. Lakini behewa haikuwa tupu. Mmoja huku, wawili kule, mama ana mtoto mgongoni, askari wa usiku na rungu lake, mzee amevaa kofia ya manyoya. Wametulia kwa viti. Na wote walikuwa wananiangalia.

Yule mzee akatoa kofia, kwa heshima kabisa.

"Kijana," akasema, "kwani wewe huwa hupiti upande wa Kitui?"

Nikaruka chini, treni ikavuta, ikarudi nao.

Mama hakufungua ule mkono aliomshika nao Njeru usiku kucha, pale kwangu. Asubuhi kwa gari ya Embu alilipia viti viwili, na kondakta alipotaka kuweka mtu hapo, alimwangalia tu, kondakta akaenda. Mimi Njeru sikumwona tena tangu pale stesheni. Lakini mama alikuwa anasonga kidogo kila gari ikikata kona, kumwachia nafasi.

Mgomba ulizikwa. Mama aliuchagua mwenyewe kando ya mto, na vijana walipotaka kukata kile kitako cha chini, chenye mizizi, kama inavyotakiwa, alikataa. "Mtoto wangu hakuwa nusu," akasema. Mzee Nyaga akaona asibishane siku ya matanga. Mama akauvisha shuka, na juu ya shuka akafunga kipande cha kijani alichofuma usiku, cha kuongezea ule mkono mfupi. Alilia siku hiyo mpaka sauti ikaisha.

Mvua iliponyesha, kaburi likaota. Wewe ukizika mgomba na kitako chake unatarajia nini? Wazee walitaka ung'olewe, ni mwiko, ni aibu. Mama akakaa hapo na panga na hakuna aliyesogea. Sasa ni kichaka kizima cha ndizi. Akivuna haziuzi. Sahani haweki tena. Lakini jioni hubeba stuli, anakaa hapo kwa majani anafuma.

Na mimi? Treni sikupanda tena. Niliacha kazi nikiwa bado na viazi kwa ndoo, nikarudi kuja kukaanga hapa Dallas, na watu wanacheka ati Nairobi ilinishinda. Ilinishinda kweli. Wewe ungeweza kurudi kwa ile behewa, uulizwe na kila mtu njia ya kwao?

Lakini mteja akija hapa nisikie anaongea Kikamba, huwa namuuliza: kwenu Kitui hakuna mzee alipotelea Nairobi, wa kofia ya manyoya, mpole? Wanacheka. Wanafikiria ni mzaha wa muuza chipsi. Namwongezea chipsi, namwacha aende.

Kwa hivyo nakuonya wewe unayenisikia. Ukiwa safarini weka jina lako na la kwenu mfukoni, na upige simu nyumbani hata kama huna la kusema. Na mtu akikuuliza kwa treni mnashukaje, usimjibu mzaha kama mimi, muulize ni wa nani. Na kama kwenu kuna sahani inafunikwa kila jioni, acheni kungoja mlangoni. Nendeni mpande ile ya jioni, behewa ya mwisho. Hamtamwona. Kaeni tu naye mpaka mwisho, halafu mumwite kwa jina na mnyoshe mkono, chini kidogo.